Kisumu, Nakuru au Eldoret? Kuchagua mji na mtaa unapohamia Kenya kutokea Tanzania

Anayenipigia simu kutoka Mwanza au Musoma akitaka kuhamia huku, namuuliza kwanza: mteja wako ni nani, na anakaa wapi? Wengi hawana jibu. Wana jibu la mji tu: "Kaka, Nakuru pazuri, nimeona picha." Au wana binamu Eldoret, kwa hiyo wanakwenda Eldoret. Binamu atakupokea stendi na kukulaza siku za mwanzo, Mungu ambariki, lakini hawezi kuwa mteja wako kila siku.

Mimi ni fundi friji. Kazi nilijifunzia VETA, nikaifanya Mwanza, na Kisumu niliichagua kwa sababu ya joto. Mji uko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na jua la saa nane mchana halina utani. Maziwa yasipowekwa kwenye baridi hayafiki jioni. Halafu kuna samaki: sangara, ambaye huku anaitwa mbuta, sato, ambaye ni ngege, na siku hizi samaki waliogandishwa wa kutoka China wanaouzwa madukani na sokoni. Wote hao wanataka friza, na friza huharibika. Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi na jioni watu wanatoka na sweta. Friji ziko huko pia, lakini ikifa Jumatatu mwenyewe anaweza kungoja hadi Ijumaa. Kisumu ananipigia kabla sijanywa chai.

Kwa fundi cherehani anayeshona sweta za shule na majaketi, jibu ni kinyume kabisa. Kwa hiyo kabla hujaangalia nyumba hata moja, chukua karatasi uandike watu wa aina tatu watakaokulipa, kila mmoja na mahali alipo. Mji utajitokeza wenyewe humo.

Miji kwa ufupi, nikisema ninavyoiona mimi

Kisumu ni mji wa ziwa, biashara ndogondogo, hospitali, vyuo na ofisi za serikali. Reli ilifika hapa 1901, na tangu siku hizo mji umekuwa mlango wa kwenda Uganda na ukanda wa ziwa. Soko la Kibuye siku ya Jumapili ukiingia na mia tano hutoki nayo. Ardhi ya mjini kwa sehemu kubwa ni tambarare, ndiyo maana tuktuk na baiskeli zimetawala. Kwa mtu wa Mwanza ni mahali pa kuzoea haraka, ingawa mawe yetu hayapo.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Iko juu zaidi, kama mita 1,850, katikati ya mashamba, kwenye barabara kuu ya malori ya kutoka Nairobi kwenda Uganda. Kama kazi yako ni magari, kuchomelea vyuma, pembejeo, maziwa au usafirishaji, Nakuru inalipa kuliko Kisumu. Ina jambo lingine zuri kwa mgeni: wakazi wametoka kila pembe ya Kenya, hivyo Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni, kwenye matatu (daladala za huku) na hata watoto wanapocheza. Mtaa wa Bondeni una Waislamu wa zamani ambao utaongea nao asubuhi hadi jioni bila kubabaika. Kisumu wafanyabiashara wengi wanajua Kiswahili vizuri, lakini wao kwa wao ni Kijaluo, na utakuwa ukikaa nao unatabasamu tu mpaka ujifunze. Jifunze. Ukimwambia mama sokoni "oyawore" asubuhi na "erokamano" ukipokea chenji, bei yenyewe inalainika.

Eldoret ikawa jiji mwaka 2024. Pesa yake ni ya mahindi, ngano, maziwa na wanariadha, na hospitali ya rufaa ya Moi inaleta wagonjwa na wauguzi kutoka kaunti zote za jirani. Ni baridi. Ukiwa na pumu au mtoto wa kifua, kaa hata wiki mbili kwanza kabla hujaamua.

Kakamega mvua hainyeshi kidogo, chuo kikuu cha Masinde Muliro kinaleta wanafunzi, na kodi ni nafuu. Anayeuza chakula, anayepiga chapa au kusuka nywele ataishi vizuri, ila likizo ya chuo ikifika mji unapoa. Busia ni ya wanaovuka mpaka wa Uganda na bidhaa. Migori iko karibu na Sirari, na kwa mtu wa Tarime ni kama hajaondoka nyumbani. Kisii kuna watu wengi, vilima vingi na biashara kali. Sijaishi, nisiseme sana.

Umbali wa kwenu uupe uzito. Msiba ukitokea Mwanza, kutoka Kisumu unapanda gari kwenda Ahero, Oyugis, Kisii, Migori, unavuka Isebania na Sirari, halafu Tarime na Bunda, unafika. Kutoka Nakuru unaongeza safari ya kushuka Kericho kabla hata hujaanza hiyo. Vijana wanalidharau jambo hili mpaka simu ya usiku iingie.

Watoto na miili yenu

Hapa watu wanaharakisha, na mimi nawaomba wasiharakishe.

Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Sisi wa Mwanza tunaijua, tunalala kwenye chandarua, na mtoto akichemka tunakimbia kupima. Nakuru na Eldoret malaria si tatizo la kila siku, na hiyo ni faida kubwa ya miji ya juu. Lakini familia iliyokaa huko miaka kadhaa ikishuka Kisumu hata kwa Krismasi, watoto wanaugua vibaya kuliko wenyeji, kwa sababu miili imesahau.

Nakuru ina jambo lake, na mwenye nyumba hatakutajia: floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yanayo nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi, yaani tangu uchangani hadi kama miaka 8, meno hayo yanatoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Yakizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa inaumia. Kuchemsha hakusaidii kitu: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki. Kwa hiyo Nakuru, swali la kwanza kwa keateka, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga, liwe maji ya bomba hili yanatoka wapi, mtoni au kisimani? Akisema kisimani, maji ya kunywa ya mtoto yatoke kwingine. Ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora. Angalia pia meno ya watoto wa ploti, yaani wapangaji wa kiwanja kimoja. Watoto wanacheka ovyo, utaona.

Shule. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali Tanzania amefundishwa kila somo kwa Kiswahili. Huku kuanzia gredi ya 4 masomo yote ni kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Wa gredi za chini atazoea ndani ya muhula mmoja au miwili. Wa darasa la tano au la sita atateseka, na walimu wanaweza kumwona mzito wa akili wakati ni lugha tu. Mkiweza, hamieni kabla ya Januari, mwaka wa shule unapoanza, na mtafuteni mwalimu wa jioni wa Kiingereza. Kwenye Kiswahili ataongoza darasa, na hilo litampa moyo.

Jambo la siasa nalo nilitaje bila kuzunguka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kisumu, Nakuru na Eldoret zote ziliona moto na watu kukimbia makwao. Uchaguzi mkuu huku hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano, na unaofuata ni 2027. Mgeni hana kura, lakini ana kibanda. Usijaze duka bidhaa za mkopo Julai ya mwaka wa uchaguzi, na usikodi fremu yako ya kwanza palepale kwenye makutano ya Kondele, ambako maandamano ya Kisumu hupenda kukusanyika. Mitaa miwili nyuma yake, biashara inaendelea vizuri.

Karatasi

Mtanzania anaingia kwa pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, na kama raia wa Afrika Mashariki anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 bila malipo. Ruhusa hiyo ni ya kutembea, haikupi haki ya kufanya kazi wala kufungua duka. Kwa kazi unahitaji kibali, na ukikaa zaidi ya miezi mitatu unatakiwa kujiandikisha upate kadi ya mgeni. Kisumu, Nakuru na Eldoret zote zina ofisi ya Uhamiaji, hivyo hili lisikuchagulie mji. Lakini miezi hiyo ya ruhusa ya mwanzo ndiyo ya kuzunguka, kuuliza bei na kutazama mitaa huku maombi ya kibali yakiendelea. Itumie hivyo.

Usilipe nyumba ukiwa bado kwenu

Huku kodi ni ya mwezi kwa mwezi. Unalipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, ambayo kila mtu anaiita depoziti, halafu kila mwezi unalipa kufikia tarehe 5. Sisi tuliozoea kudaiwa miezi sita ya mbele tunaona ni ajabu. Maana yake ni kwamba nyumba ya kwanza Kenya ni ya majaribio, na kuhama hakukuvunji mgongo. Basi usiitafute nyumba ya maisha mwezi wa kwanza. Panga chumba cha kawaida karibu na steji, yaani kituo cha matatu, acha makochi kwenu, na tembea.

Wewe wa kutafuta nyumba njoo Aprili ukiweza, watoto wafuate kabla ya Januari. Wenye nyumba wanapenda uje Januari, tope halipo na kila kitu kimekauka. Aprili mvua ya masika imeshika na mtaa hauwezi kukudanganya.

Usitume pesa kwa ajenti aliyekutumia picha. Wapo waaminifu wanaochukua ada ndogo ya kukutembeza, nao hulipwa mkiwa mmesimama mlangoni. Lakini nyumba nyingi nzuri hazipiti kwao. Tembea kwa miguu, piga hodi kwenye geti, uliza keateka kama kuna chumba kimeachwa wazi. Keateka ndiye serikali ya ploti. Msalimie vizuri, muulize jina, na usimwonyeshe haraka yako.

Mitaa ya Kisumu, kwa aliyeingia jikoni mwa watu

Kazi yangu inanipeleka nyuma ya friji, na nyuma ya friji ndiko nyumba husema ukweli. Kutu ya chini ya kompresa inakwambia maji yaliwahi kuingia. Ukuta wenye chumvi nyeupe unakwambia unyevu unapanda kutoka chini. Na ukiona friji, kabati na hata kitanda vimepandishwa juu ya matofali katika nyumba ya chini, huna haja ya kumuuliza mtu habari za mafuriko.

Milimani pana miti, kimya, ofisi na hospitali za binafsi. Kodi ni ya watu wenye mishahara ya mashirika. Mgeni wa kawaida apite tu, isipokuwa amekuja na mwajiri.

Kaloleni na Shauri Moyo ni mitaa ya zamani iliyo karibu na katikati ya mji. Nyumba ni za kizamani, lakini unatembea kwa miguu hadi sokoni, na Mwislamu atapata jirani wa kusema naye Kiswahili na wa kuswali naye. Nauli unayookoa ni kodi ya nusu chumba.

Manyatta na Nyalenda ndiko wageni wengi huanzia, kwa sababu chumba kimoja bado hupatikana kwa bei ya chini na unaweza kutembea hadi mjini. Siwasemi vibaya, wateja wangu wengi wako huko na wananilipa kuliko wa Milimani. Lakini chagua ploti kwa ploti. Visima vifupi viko jirani na vyoo vya shimo, kwa hiyo maji ya kisima ni ya kufua na kudeki tu. Mto Auji ukifurika, sehemu za chini za Nyalenda zinazoelekea Dunga zinaogelea. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda na kuwatoa watu wa ufukweni. Panda upande wa juu, hata kama chumba ni ghali kwa mia tano.

Migosi, Kenya Re, Lolwe na Tom Mboya ni mitaa ya walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti na mafundi waliotulia. Mimi niko Migosi. Kuna vyumba vya bedsita (chumba kimoja chenye choo na jiko humo humo) na nyumba za chumba kimoja na sebule, shule za kutosha, na Kondele iko karibu kwa matatu ya kwenda popote. Kwa familia yenye watoto wawili watatu, hapa ndipo ningeanzia kutafuta.

Mamboleo inakua haraka. Majengo ni mapya, nyumba kubwa kwa pesa ile ile, lakini maji na barabara za ndani zinakimbizana na ujenzi na bado hazijaufikia. Riat iko juu ya kilima, kwenye barabara ya Kakamega. Upepo wa Riat jioni ni mtamu, na ukisimama pale unaliona ziwa lote. Sasa weka kwenye hesabu nauli ya kupanda kila siku na bodaboda ya saa nne usiku, halafu uamue kama upepo unalipika.

Nyamasaria, kwenye barabara ya Nairobi, ina matatu kila dakika na nyumba zenye choo na bafu ndani kwa kodi inayovutia. Udongo wake ni ule mweusi wa tambarare ya Kano, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Kuta hupata nyufa, gari hukwama, na maji ya tambarare hukaa. Wapo wanaoishi vizuri huko kwa sababu waliuliza kwanza maji hufika wapi.

Obunga ni mtaa wa wakaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani. Harufu yake huizoei kwa wiki moja. Lakini kama biashara yako ni samaki, mafuta ya kupikia, mkaa au, kama mimi, friza, nenda ukajitambulishe huko mapema.

Kwa Nakuru nitasema machache. Section 58, Milimani na Naka ni za watu wa kipato cha juu au cha kati. Free Area, Pipeline na Lanet ziko upande wa barabara ya Nairobi na zinafaa kwa anayeishi kwa magari. Kaptembwo na Rhonda ni nafuu na zimejaa watu. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda miaka hii na kufukuza watu upande wa Mwariki, hivyo usipange karibu na uzio wa mbuga kwa sababu tu mandhari ni nzuri. Na udongo wa majivu ya volkano wa eneo hilo huweza kufunguka nyufa baada ya mvua kubwa. Mwenyeji mzee wa mtaa anajua nyufa zilipita wapi. Muulize yeye, mwenye nyumba muache.

Namna ya kuupima mtaa

Nenda saa kumi na mbili asubuhi. Utaona watu wanaelekea wapi na kwa usafiri gani, na kama foleni ya maji ipo. Hesabu mikokoteni ya mitungi. Mtaa ambao bomba linatoka kila siku hauna biashara ya mikokoteni; mtaa ambao kila geti lina mkokoteni, maji ni ya hadithi. Uliza mtungi wa lita 20 ni bei gani, kisha uliza tena mtaa wa pili. Bei hiyo haidanganyi.

Muulize mama mboga, siyo mwenye nyumba. Mazungumzo yangu na mmoja wao yalikuwa hivi:

"Mama, habari ya asubuhi. Hapa maji hupotea?"

"Maji hapa iko, fundi. Haijawahi kupotea."

"Hutoka saa ngapi?"

"Saa tisa usiku. Ukiamka utachota mpaka uchoke."

Kwa hiyo usiishie kwenye kama maji yapo. Uliza saa.

Rudi saa kumi alasiri, ingia ndani ya nyumba, uweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukiwa wa moto, utalala umelowa jasho. Angalia juu: mabati bila dari Kisumu ni adhabu, na ghorofa ya mwisho chini ya mabati ni adhabu yenye ngazi. Madirisha yatazamane ili upepo upite, na yawe na wavu.

Rudi tena saa moja na nusu jioni, wakati kila mtu anapika, anapiga pasi na kuwasha televisheni. Nunua kipimo cha volti cha kuchomeka ukutani, ni cha bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Umeme wa huku ni volti 240. Ukisoma 220 au 230 saa hiyo, vizuri. Ukisoma chini ya 190, kompresa ya friji itanguruma bila kuwaka mpaka iungue, na utanijua mimi kwa jina. Plagi ni zile zile za pini tatu za kwetu, hivyo friji yako ya Mwanza itafanya kazi. Ikinge tu na kifaa cha kukata umeme unapopanda na kushuka, maana radi za ukanda huu ni kali. Uliza pia mita ni yako peke yako unayenunua tokeni, au ni mita ndogo ya ndani ambayo mwenye nyumba anakuuzia umeme kwa bei yake.

Usiku huo huo tembea kutoka steji hadi getini, mguu kwa mguu, bila kuonyesha simu. Ipo ile taa ndefu ya mulika mwizi? Inawaka, au imesimama tu? Vibanda bado viko wazi? Njia yenye mama wa chipsi na kinyozi saa tatu usiku ni salama kuliko njia yenye ukuta mrefu wa matajiri pande zote mbili. Kisha simama mjini uulize bodaboda watatu nauli ya kufika huko saa hiyo. Wakipandisha wote, au wakikataa, wamekwambia jambo.

Ijumaa usiku lala mtaani hapo kama una mtu wa kukulaza. Kesha la kanisa, baa, kinu cha kusaga, vyote havionekani mchana wa Jumanne. Mimi kesha halinisumbui, mke wangu halivumilii, na sauti yake ndiyo inayohesabika nyumbani.

Kuhusu kukaa na Watanzania wenzako, maoni yangu hayapendwi na wengi: kaa karibu na wateja, na Watanzania muonane Jumapili. Ukikaa na wenzako ploti moja mtapeana faraja, na mtapeana pia wateja wale wale watano. Jirani Mjaluo au Mluhya ndiye atakayekwambia fremu ipi inaachwa wazi mwezi ujao na fundi gani amehama.

Siku ya kuchukua funguo

Lipa kwa M-Pesa kwenye namba ya mwenye nyumba au ya benki yake, ili ujumbe ubaki, na bado dai risiti ya depoziti peke yake, iliyotengwa na kodi. Andikiana mkataba hata kama ni wa karatasi moja: kodi kiasi gani, maji yamo au hayamo, taka nani anazoa, notisi ya kuondoka ni siku ngapi. Piga picha kila ufa, kioo kilichovunjika na sinki linalovuja, uzitume kwa keateka siku hiyo hiyo, maana wakati wa kuhama rangi na vitasa vyote hukatwa kwenye depoziti. Soma mita ya maji mkiwa wawili. Badilisha kitasa.

Mizigo ihamishe asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, na mkokoteni hauna turubai. Friji isilazwe njiani. Ikilazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi chini.